Kupekua Hataza na Kuandaa Maombi Yako Nairobi: Mwongozo kwa Wavumbuzi wa Upoezaji wa Turbini na Usalama wa Mitandao

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi na kutoka kwa vijana wanaolinda mitandao ya kampuni hapa Nairobi yanafanana sana. Mmoja amebuni njia ya kupitisha hewa ndani ya panga la turbini ili lisiungue, na mwingine ameunda mfumo unaotambua shambulio kabla halijaifikia seva. Wote wawili huuliza kama wazo lao ni jipya, waanzie wapi, na kama wakilionyesha kwa watu litaibwa. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Nimezichukua nyanja hizi mbili kwa pamoja makusudi, kwa sababu tundu lililotobolewa kwenye chuma unaweza kulichora na kulipima, ilhali uvumbuzi wa mtandao hauonekani kwa macho, na kila upande una mtego wake wakati wa kuandika maombi ya hataza, au patenti kama wengi wetu tunavyosema.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba upekue na uandike kabla hujazungumza. Wengi hufanya kinyume: hutangaza kwenye maonyesho ya chuo, hutafuta mwekezaji, kisha ndipo huuliza kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kufanya jambo hilohilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, uwe na daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi zinazochomoka. Kila ukurasa uwe na tarehe na sahihi yako, na pale unapoweza, sahihi ya mtu mmoja unayemwamini aliyesoma na kuelewa. Daftari hilo halikupi hataza, lakini linakusaidia kueleza nani alifanya nini iwapo mtazozana na mwenzako baadaye.

Pili, uwe na kompyuta na intaneti isiyokatika ovyo. Simu inaweza kufungua hifadhidata za hataza, lakini michoro ya panga la turbini yenye namba ndogondogo haisomeki kwenye kioo cha simu. Hifadhidata utakazotumia ni Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, PATENTSCOPE ya WIPO, yaani Shirika la Mali Miliki Duniani lililoko Geneva, na Google Patents. Zote ni za bure, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote kwa ajili ya kuzifungua.

Tatu, tafuta mkataba wako wa kazi na uusome. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira huwa ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Ikiwa umeajiriwa na benki kulinda mtandao wake na umebuni mfumo wa kutambua wadukuzi ukiwa kazini, swali la nani mwenye mali linatangulia swali la upya. Mwanafunzi naye asome sera ya chuo chake, kwa sababu vyuo vikuu vingi vina kanuni zao kuhusu kazi iliyofanyiwa kwenye maabara zao.

Nne, uwe na akaunti ya eCitizen pamoja na pesa za ada. Viwango hubadilika, hivyo viulize kwenye Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI, siku unayokusudia kulipa.

Nadharia kidogo tu

Uvumbuzi hupewa hataza ukiwa ni mpya duniani kote, ukiwa na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo angeliwaza bila taabu, na ukiwa unaweza kutumika katika viwanda. Hataza hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha maombi, na nguvu yake inaishia kwenye mipaka ya nchi iliyoitoa. Sheria yetu haihesabu ugunduzi, nadharia za sayansi, njia za hisabati na mbinu za kufanya biashara kuwa uvumbuzi. Watu wa mitandao waisome sentensi hiyo mara mbili, kwa kuwa hapo ndipo maombi yao mengi hukwama.

Hatua za kazi

1. Nyamaza kwanza. Usilitoe wazo lako kwenye makala, video, maonyesho wala kundi la WhatsApp kabla ya kuwasilisha maombi. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT nchini Marekani walibuni mfumo wa usimbaji fiche unaoitwa RSA kwa herufi za majina yao, mfumo ambao umelinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Mfumo huo ulielezwa hadharani kabla ya maombi ya hataza kuwasilishwa tarehe 14 Desemba 1977. Sheria ya Marekani ilimruhusu mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kutangaza, hivyo wakapata hataza namba 4,405,829 mwaka 1983. Katika nchi nyingi nyingine mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Kenya nayo inakupa miezi 12 ya msamaha ikiwa ni wewe mwenyewe uliyetangaza, au mtu aliyekudhulumu. Usiufanye msamaha huo kuwa mpango wako, kwa sababu nchi za Ulaya hazina msamaha mpana wa namna hiyo, na hujui leo ni wapi utataka kuuza kesho.

2. Uvunje uvumbuzi wako vipande. Hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza, na ningependa uipe muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Chukua ukurasa mmoja wa daftari na uandike uvumbuzi wako kama orodha ya sehemu au vitendo, kila kimoja kwenye mstari wake, ukivipa herufi A, B, C na kuendelea.

Tuseme unashughulika na panga la turbini ya gesi. Gesi inayotoka kwenye chemba ya mwako wa mitambo ya kisasa huweza kuzidi nyuzi joto 1,500 za Selsiasi, wakati aloi (mchanganyiko wa metali) za nikeli zinazotengenezea mapanga huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi. Kinachookoa chuma ni hewa inayochotwa kutoka kwenye kompresa, ikapitishwa ndani ya panga, ikatoka kwenye matundu membamba yenye upana wa takriban milimita moja au chini ya hapo, na kutandaza utando wa hewa isiyo kali sana juu ya uso wa panga. Hewa hiyo ina gharama, kwani kila kiasi kinachochotwa kwa ajili ya kupoza hakichomwi pamoja na mafuta ili kuzalisha nguvu. Ndiyo maana karibu kila uvumbuzi wa fani hii hujaribu kupata ubaridi uleule kwa hewa kidogo zaidi.

Orodha yako basi ingekuwa hivi: A, chemba ya ndani ya kupitishia hewa, B, ukuta unaoelekea gesi ya moto, C, safu ya matundu yaliyoinama, D, mdomo wa tundu unaopanuka kuelekea nje, E, kile ulichoongeza wewe. Ukifika kwenye E ukakosa la kuandika, rudi kwenye maabara. Nasisitiza kwamba A hadi D ni mambo ya zamani, kwani matundu yenye midomo inayopanuka yamejulikana tangu miaka ya 1970.

Kwa upande wa mtandao orodha huwa ya vitendo: A, ruta inapokea pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, B, inasoma anwani inakotoka, C, inahesabu kiwango cha maombi kwa kila anwani, D, inalinganisha kiwango hicho na kizingiti, E, inabadilisha kizingiti kwa njia fulani mpya, F, inazuia pakiti kabla hazijaifikia seva. Andika ni kifaa gani kinafanya kila kitendo. Kitendo kisicho na mtendaji ni wazo tu, na mkaguzi wa maombi ya hataza ataliona hivyo.

3. Tafuta alama za uainishaji. Kila hataza hupewa alama za fani yake, na kupekua kwa alama kunashinda kupekua kwa maneno peke yake kwa sababu alama haijali mwandishi alitumia lugha gani. Kwa mapanga yenye nafasi ndani na njia za kuyapoza, anza na F01D 5/18. Katika mfumo wa CPC unaotumiwa na Ofisi ya Ulaya na ya Marekani, upoezaji wa utando uko kwenye F01D 5/186, na upoezaji wa hewa inayopita ndani ya panga uko kwenye F01D 5/187. Upoezaji wa mtambo mzima wa turbini ya gesi uko kwenye F02C 7/12.

Kwa usalama wa mitandao, H04L 63 katika CPC ndiyo nyumba yake: 63/02 ni ya fayawoli na utenganishaji wa mtandao wa ndani na wa nje, na 63/14 ni ya kutambua na kuzuia mashambulio. Usimbaji fiche uko kwenye H04L 9, na usalama wa kompyuta yenyewe uko kwenye G06F 21. Katika mfumo wa kimataifa wa IPC, usalama wa mitandao umewekwa kwenye H04L 9/40, hivyo usishangae ukiona hati moja ina alama zote mbili.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanafunzi wetu. Wengi wameziona turbini kwa mara ya kwanza katika ziara ya Olkaria, nao hudhani kwamba mapanga yote hupozwa. Turbini za Olkaria huzungushwa na mvuke wa ardhini, ambao si wa moto kiasi cha kuyeyusha chuma, na taabu yake kubwa ni kutu na magamba ya madini. Upoezaji wa ndani ni habari ya turbini za gesi, kama zile za Muhoroni, na ya injini za ndege zinazotua JKIA. Alama ya F01D inabeba za mvuke na za gesi kwa pamoja, kwa hiyo utazitenganisha mwenyewe unaposoma.

4. Ongeza maneno ya kupekua. Hati nyingi zimeandikwa au kufasiriwa kwa Kiingereza, na kampuni hutofautiana katika kuviita vitu. Panga linalozunguka baadhi ya kampuni huliita "blade", lakini General Electric huandika "bucket" katika hataza zake nyingi. Lisilozunguka huitwa "vane" na wengine, na "nozzle" na wengine. Ukitafuta kwa neno moja utakosa rafu nzima ya hati. Andika kwenye daftari majina yote ya kila kipande chako, uyaunganishe na "OR", kisha uunganishe vipande mbalimbali na "AND". Weka kinyota mwishoni mwa shina la neno, kwa mfano "cool*", ili upate miisho yake yote.

Andika pia kila swali uliloliuliza hifadhidata, tarehe yake na idadi ya hati zilizorudi. Baada ya wiki mbili hutakumbuka ulitafuta nini, na utajikuta ukirudia kazi ileile.

5. Soma hataza kuanzia kwenye madai. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwa wanaoanza: husoma kichwa na muhtasari, wakaona unafanana na wao, wakakata tamaa, au wakaona haufanani, wakafurahi bure. Mipaka ya haki ya mwenye hataza imewekwa na madai, yale maandishi yenye namba mwishoni mwa hati. Dai la kwanza kwa kawaida ndilo pana kuliko yote, na yanayosema "kulingana na dai la 1" hulipunguza upana.

Ukurasa wa kwanza una namba ndogo kwenye mabano zinazofanana dunia nzima, ndiyo maana unaweza kuisoma hata hataza ya Kijapani: (54) ni kichwa, (57) ni muhtasari, (72) ni mvumbuzi, (22) ni tarehe ya kuwasilisha, (30) ni kipaumbele, yaani maombi ya kwanza kabisa ya uvumbuzi huo, na (51) ni alama za uainishaji. Herufi iliyo mwishoni mwa namba ya hati nayo ina maana. Kwa hati za Ulaya na za Marekani za miaka ya karibuni, A ni maombi yaliyochapishwa tu, na B ni hataza iliyotolewa.

Kwa zoezi, fungua hataza ya Marekani namba 5,606,668, ya mvumbuzi Gil Shwed, iliyotolewa mwaka 1997 na ambayo muda wake umekwisha. Inahusu kulinda pakiti zinazoingia na kutoka kwenye mtandao wa kompyuta. Tazama jinsi ilivyoandikwa: sheria za usalama zinaelezwa, zinageuzwa kuwa maagizo ya kuchuja, na moduli iliyo ndani ya kompyuta ya mtandao inayatumia maagizo hayo kuamua pakiti ipite au isipite. Kila hatua ina kifaa chake na kazi yake. Ukiisoma hati hiyo kwa utulivu, ukiwa na kalamu mkononi, utajifunza namna ya kuandika kuliko katika mihadhara mingi.

Kumbuka kwamba kwa suala la upya hati nzima inahesabiwa, si madai pekee. Jambo lililotajwa kwenye maelezo ya hataza ya mtu, hata kama hakulidai, limekwisha kuwa hadharani.

6. Fuata marejeo. Ukipata hati mbili au tatu zilizo karibu nawe, tazama hati zilizotajwa ndani yake, kisha hati za baadaye zilizozitaja. Espacenet inaonyesha pande zote mbili, pamoja na familia ya hataza, yaani uvumbuzi uleule ulioombewa katika nchi mbalimbali. Usiache makala za kitaaluma na miongozo ya vifaa, kwa kuwa katika usalama wa mitandao mambo mengi hutangazwa kwenye mikutano ya watafiti au kwenye programu huria kabla mtu hajawaza hataza.

7. Chora jedwali. Juu weka herufi zako A hadi F, pembeni weka namba za hati ulizopata, kisha tia alama penye kipande kilichokwisha kuelezwa. Hati moja ikiwa na alama kwenye vipande vyako vyote, wazo si jipya. Hati mbili zikijaliziana mpaka zikamaliza vipande vyote, jiulize kama fundi wa kawaida angekuwa na sababu ya kuziunganisha. Herufi ambayo chini yake hakuna alama hata moja ndiyo uvumbuzi wako, na ndiyo utakayoijengea madai.

8. Chagua aina ya ulinzi. Panga lenye umbo jipya linafaa hataza. Uboreshaji mdogo wa kifaa, usiofikia kiwango cha hatua ya uvumbuzi, unaweza kupata cheti cha ubunifu mdogo wa kiufundi, ambacho nchini Kenya hudumu miaka 10. Msimbo wa programu wenyewe hulindwa na hakimiliki, na unaweza kuusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, lakini hakimiliki haimzuii mtu kuandika upya programu inayofanya kazi hiyohiyo. Na yapo mambo ambayo ni afadhali kubaki siri. Kanuni ya kutambua udanganyifu inayokaa ndani ya seva yako na isiyoonekana na mteja pengine haihitaji kuandikwa kwenye hati ambayo dunia nzima itaisoma.

9. Andika maelezo na michoro. Nyaraka za maombi huandikwa kwa Kiingereza, lakini sioni ubaya wowote wa kuwaza na kupanga hoja zako kwa Kiswahili kwanza. Maelezo yanapaswa kumwezesha fundi wa fani hiyo kukitengeneza kitu bila kukuuliza. Kwa turbini weka mchoro wa panga zima, mchoro wa mkato na mchoro mkubwa wa tundu moja, kila sehemu ikiwa na namba yake, na namba hiyo isibadilike katika hati nzima. Kwa mtandao weka mchoro wa vifaa na miunganisho yake, kisha mchoro wa mtiririko wa vitendo.

Toa vipimo kwa mapana na kwa wembamba. Ukiandika kwamba tundu limeinama kwa nyuzi 30 pekee, mshindani atatoboa kwa nyuzi 33. Andika nyuzi 25 hadi 35, na hasa 30, ikiwa majaribio yako yanaliunga mkono hilo.

10. Andika madai. Dai baya husema: "Mfumo wa kupoza turbini vizuri zaidi." Hilo ni tamaa, halina njia ndani yake. Dai lenye umbo sahihi linakwenda hivi: "Panga la turbini lenye chemba ya ndani ya kupitishia hewa, ukuta wa nje unaoelekea gesi ya moto, na safu ya matundu yanayopenya ukuta huo, ambapo kila tundu lina sehemu ya kwanza yenye upana usiobadilika na sehemu ya pili inayopanuka kuelekea nje, na ambapo…" Baada ya neno "ambapo" la mwisho ndipo unapoweka kile kipande cha E.

Kwa mtandao usiandike "mfumo unaotumia akili unde kuwatambua wadukuzi". Andika ni ruta au seva gani inapokea nini, inakokotoa nini kutokana na kile ilichopokea, na inafanya nini kwenye mtandao baada ya kukokotoa. Mwisho wa dai uwe ni badiliko la kiufundi: pakiti imezuiwa, muunganisho umekatwa, ufunguo umebadilishwa. Fomula peke yake ni hisabati, na tumekwisha kuona kwamba hisabati haipewi hataza.

Katika hatua hii mtafute wakala wa hataza aliyesajiliwa, walau akusomee madai. Pesa ulizookoa kwa kupekua mwenyewe zitumie hapa.

11. Wasilisha maombi. Ofisi za KIPI ziko Popo Road, South C, kando ya Mombasa Road, upande wa Bellevue. Maombi yanakuwa na fomu, maelezo, madai, muhtasari na michoro inapohitajika. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti, wala usimkabidhi mtu pesa mkononi kwa ahadi ya kuharakisha. Namba na tarehe utakazopewa ndizo msingi wa kila kitu kinachofuata, kwa hiyo uziandike kwenye daftari siku hiyohiyo.

Ukitaka kufika mbali zaidi, maombi kupitia ARIPO, shirika la mali miliki la kanda ya Afrika lenye makao yake Harare, yanaweza kutaja nchi kadhaa za Afrika kwa mkupuo mmoja, na maombi ya kimataifa ya PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, yanakuachia miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele kabla ya kuingia katika nchi nyingi unazozitaka. Mtu binafsi kutoka nchi kama yetu hupunguziwa asilimia 90 ya baadhi ya ada za PCT.

12. Weka kalenda. Ndani ya miezi 12 tangu kuwasilisha uamue kama utaomba nje ya Kenya. Kwenye miezi 18 maombi huchapishwa. Ndani ya miaka mitatu tangu kuwasilisha, uombe ukaguzi wa kina, la sivyo maombi yanahesabika kuwa yameachwa. Halafu kuna ada za kila mwaka za kuiweka hai hataza. Frank Whittle aliwasilisha maombi yake ya injini ya ndege ya turbini nchini Uingereza Januari 1930, akapata hataza. Mwaka 1935 ilipotakiwa pauni 5 za kuihuisha, yeye hakuwa nazo na Wizara ya Anga haikukubali kumlipia, hataza ikafa kabla injini yake ya kwanza haijawashwa. Weka vikumbusho viwili kwenye simu kwa kila tarehe, mwezi mmoja kabla na wiki moja kabla.

Onyo kwa watu wa usalama wa mitandao

Usijaribu uvumbuzi wako kwenye mtandao usio wako bila ruhusa ya maandishi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inakuhesabu kuwa mhalifu hata kama nia yako ilikuwa njema. Jenga mtandao mdogo wa majaribio kwa ruta mbili na kompyuta tatu nyumbani au kwenye maabara, na uandike matokeo yake kwenye daftari lako.

Mambo yakienda kombo

*Upekuzi umeleta maelfu ya hati.* Tumia alama ndogo zaidi ya uainishaji, kwa mfano F01D 5/186 badala ya F01D, kisha uongeze maneno ya kipande E pekee. Hati zinazobaki zikiwa mia moja au mia mbili, zipitie michoro yake. Kwa turbini mchoro mmoja hukuambia haraka kama hati inastahili kusomwa.

*Upekuzi haukuleta chochote.* Usishangilie. Karibu kila mara maneno yako yamekuwa membamba mno. Ondoa neno moja moja mpaka hati zianze kurudi, na ujaribu majina mengine ya kitu hichohicho.

*Hati iliyo karibu nawe ni ya Kichina au ya Kijapani.* Espacenet ina kitufe cha kufasiri kwa mashine. Tafsiri hiyo inatosha kukuonyesha kama kipande chako kimo ndani, ingawa usiitegemee kubishania neno moja la dai.

*Umekuta mtu amekwisha kuvumbua kitu chako.* Angalia familia na hali ya hataza. Ikiwa haikuombwa Kenya wala kupitia ARIPO ikiitaja Kenya, au ada zake ziliachwa, au miaka 20 imekwisha, hakuna anayekuzuia kutengeneza na kuuza hapa nchini kwa hataza hiyo, hata kama wewe mwenyewe huwezi tena kuiombea. Lakini ukiuza nje, ukague nchi ile unayouzia.

*Ulikwisha kuonyesha uvumbuzi kwenye maonyesho.* Tafuta tarehe kamili pamoja na ushahidi wake, kama kadi ya mwaliko au picha, uhesabu miezi 12, na uwasilishe maombi hapa Kenya mapema iwezekanavyo.

*Mkaguzi ameandika kwamba dai lako si jipya.* Barua hiyo si hukumu ya mwisho. Chukua hati alizozitaja, uziweke kwenye jedwali lako la hatua ya 7, na uone ni kipande gani hakimo. Libane dai la kwanza kwa kukiingiza kipande hicho, ueleze kinaleta faida gani ya kiufundi, na ujibu ndani ya muda uliotajwa kwenye barua. Huruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwamo kwenye maelezo uliyowasilisha siku ya kwanza.

*Mwekezaji anataka kuona kila kitu kabla hujawasilisha.* Msainiane mkataba wa usiri kwanza, kisha umwonyeshe matokeo bila kumwonyesha njia: kwamba panga limebaki na joto la chini kwa kiasi fulani cha hewa, au kwamba shambulio la majaribio limezuiwa ndani ya sekunde kadhaa. Akikataa kusaini, mwambie utarudi kwake ukiwa na namba ya maombi.